Umepangiwa kufundisha uandishi chuo cha Marekani na hujawahi kufundisha? Anzia hapa

Kila ikikaribia mwezi wa saba meseji zinaanza kuingia na maswali ni yaleyale. Mtu kapata masta au PhD ya fasihi Marekani, ada imelipwa, posho ipo, alafu kwenye barua ya chuo kuna sentensi moja inasema atakuwa msaidizi wa kufundisha na atapewa darasa la kozi ya uandishi ya mwaka wa kwanza. Hapo usingizi unakata. Nitasimama peke yangu kweli? Nitawafundishaje Kiingereza wenye Kiingereza chao? Lafudhi yangu wataielewa? Wakikataa alama nafanyaje? Nimeona niandike yote sehemu moja, kwa hiyo we kama ndo safari yako ya mwezi wa nane, kaa tulia usome mpaka mwisho, alafu uwe unarudi kwenye hatua moja moja ukizihitaji.

Swali la kwanza: ndiyo, vyuo vingi unasimama peke yako. Humbebei profesa makaratasi. Silabasi ina jina lako, mlango unafungua wewe, alama unatoa wewe. Swali la pili: hufundishi Kiingereza. Unafundisha kijana wa miaka 18 kujenga hoja, kusoma maandishi ya mtu mwingine kwa makini, kutumia chanzo bila kuiba, na kuandika upya kitu alichodhani kimeisha. Hayo yote we umeyafanya miaka na miaka, tena pengine kwa lugha yako ya tatu, na idara imeliona hilo kwenye maombi yako.

Kozi yenyewe ni ya zamani, Harvard waliifanya ya lazima kwa mwaka wa kwanza tangu 1885 na vyuo vingine vikafuata, leo karibu kila mwanafunzi anaipitia awe anasoma unesi au uhandisi. Ndo maana idara za Kiingereza zinahitaji walimu wengi hivyo, na ndo maana wewe umepata posho.

Kitu kimoja kikukae kichwani kabla ya vyote. Kinachowamaliza watu kwenye hii kazi ni kusahihisha, wala sio kusimama darasani. Karibu kila hatua hapa chini nimeipanga ili rundo la insha lisikule muda wa digrii uliyoifuata.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Barua ya ajira, uisome mstari kwa mstari. Tafuta idadi ya madarasa kwa semista (moja au mawili, tofauti yake ni kubwa mno) na saa za kazi kwa wiki. Viza ya F-1 (ya mwanafunzi) inaruhusu kazi ya ndani ya chuo mpaka saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea, basi. Mtu akikuongezea darasa la tatu kwa maneno matamu, nenda kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa.
- Pasipoti, I-20 (hati ya chuo uliyoombea viza) na rekodi yako ya I-94 (ya kuingia nchini) kwa ajili ya fomu ya I-9, ya kuthibitisha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi, ambayo mwajiri anatakiwa akague nyaraka zako ndani ya siku 3 za kazi tangu uanze. Namba ya SSN (ya hifadhi ya jamii) utaiomba ukishafika, wengi wanashauriwa wasubiri siku kadhaa baada ya kuripoti chuoni ili taarifa ziwe zimeingia kwenye mfumo.
- Hela ya kukushikilia mwezi mmoja na zaidi. Masomo yanaanza mwishoni mwa mwezi wa nane na posho ya kwanza inaweza isiingie mpaka mwishoni mwa mwezi wa tisa. Hili watu hawaambiwi.
- Silabasi mbili tatu za waliofundisha mwaka jana. Mwandikie mkurugenzi wa programu ya uandishi uombe, sio aibu, anategemea uombe.
- Akaunti ya mfumo wa masomo wa chuo, iwe Canvas au Blackboard au mwingine, ujifunze kuupandishia faili na alama kabla wanafunzi hawajafika.
- Mwongozo wa MLA wa kurejelea vyanzo, toleo la 9 la 2021. Usinunue, maktaba wanao.
- Uwepo wako kwenye semina ya walimu wapya, huwa wiki moja kabla ya masomo. Usikate tiketi ya ndege ya kufika katikati ya hiyo semina kisa imeshuka bei. Pia uliza kama chuo kina usaili wa kuongea kwa wasaidizi kutoka nje, majimbo kadhaa yana sheria ya kupima hilo hata kama umesoma kwa Kiingereza tangu sekondari.

Hatua

1. Jua nini ni chako na nini sio chako. Kabla hujaandika silabasi uliza: insha ni ngapi za lazima, kitabu kimeshachaguliwa au nachagua, sheria ya mahudhurio ni ya idara au yangu, darasa lina wanafunzi wangapi. Chama cha walimu wa uandishi wa vyuo, CCCC, kinapendekeza darasa la uandishi lisizidi wanafunzi 20 na ikiwezekana wawe 15. Vyuo vingi vinapitisha hapo, unakuta 22, 24, 25. Huwezi kubadilisha hilo ukiwa mgeni ila ni vizuri kujua kwamba ukiona kazi nzito sio kwamba wewe ni dhaifu, ni nzito kweli na wenye taaluma yao wameshasema.

2. Panga kalenda ukianzia mwisho. Chukua semista ya wiki 15, weka kwanza tarehe ambazo wewe mwenyewe una pepa za kuwasilisha kwenye semina zako. Alafu weka insha za wanafunzi mbali na hizo tarehe. Weka sikukuu, Labor Day Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tisa na Thanksgiving Alhamisi ya nne ya mwezi wa 11, na usidai insha siku ya kurudi Thanksgiving maana utapata kazi zilizoandikwa kwenye ndege. Kama una madarasa mawili, usipokee insha za yote siku moja, achanisha hata kwa siku tatu.

 Angalizo dogo lenye madhara makubwa: Wamarekani wanaanza na mwezi. Ukiandika 9/10 ukimaanisha tarehe tisa mwezi wa kumi, wao wataelewa tarehe kumi mwezi wa tisa. Andika jina la mwezi kila mara.

3. Badilisha kichwa chako kuhusu alama, kabla hujagusa insha ya kwanza. Hapa ndo wengi wetu tunaumiza watoto wa watu bila kujua. Ulikotoka, UDSM kwa mfano, 70 ni A na 60 ni B+, na vyuo vingi vya Kenya pia 70 ni A. Kwetu mwalimu akikupa 68 kwenye insha unapiga simu nyumbani. Kule A inaanzia 90, B ni 80 na kitu, C ni 70 na kitu, na 60 na kitu ni D. Sasa we unampa mtoto 65 kwa moyo mweupe ukijua umemsifia, yeye anasoma amefeli, na vyuo vingi D kwenye hii kozi haihesabiki, anairudia. Kuna ambao skolashipu zao zinategemea wastani. Dawa ni hii: omba idara wakupe insha za mfano zilizoshapewa alama, uzipe alama zako bila kuangalia zao, alafu linganisha. Fanya mpaka macho yako yakubaliane na yao.

4. Tengeneza jedwali la alama na uwape wanafunzi siku unayotoa kazi. Sio siku ya kurudisha. Mgawanyo ninaoupenda mimi: hoja 30, ushahidi na uchambuzi wake 30, mpangilio 20, lugha 10, kurejelea vyanzo 10. Ona lugha ni 10 tu. Tumelelewa na kalamu nyekundu kwenye kila kosa la sarufi, ila CCCC tangu 1974 wana azimio la kulinda haki ya wanafunzi kwa lugha zao wenyewe, na darasani kwako atakuwepo Mmarekani mweusi, atakuwepo aliyekulia Kihispania nyumbani, atakuwepo Msomali wa Minnesota. Usimshushe mtu kwa namna nyumbani kwao wanavyoongea halafu hoja yake nzuri ipite bila kuonekana. Na kumbuka wao wanaandika color bila u na wanaweka nukta ndani ya alama za nukuu, hayo sio makosa, ndo mtindo wa huko.

5. Siku ya kwanza fanya mambo matatu. Jina lako na namna unavyotaka kuitwa (usipowaambia watakuita Profesa, wengine watakuita jina la kwanza bila nia mbaya, chagua uwaambie). Majina yao, kila mmoja alitamke mwenyewe, usisome orodha ukamvunjia mtu jina lake mbele za watu. Na waandike dakika kumi kuhusu chochote chepesi, uondoke na karatasi zao. Ukizisoma usiku ule, bila alama, utajua darasa lako lina watu wa namna gani kuliko semina yoyote. Silabasi wasome nyumbani, wiki inayofuata uwaulize maswali matano kutoka humo.

 Lafudhi usiiombee radhi. Ongea taratibu kidogo, andika maneno muhimu ubaoni, weka maelekezo yote ya kazi kwa maandishi kwenye mfumo. Ndani ya wiki mbili masikio yao yameshazoea.

6. Kila kipindi kiwe na kuandika ndani yake. Kipindi huwa dakika 50 au 75. Mpango unaofanya kazi: dakika 5 waandike kimya, dakika 15 mjadala kutokana na walichoandika, dakika 20 wafanye kitu na insha yao (watafute hoja kuu, wapange upya aya, wakague nukuu), mwisho umalizie kwa kazi ya nyumbani. Ukijikuta unahutubia dakika 40 kama lekchara wako wa mwaka wa pili kwenye ukumbi wa watu 300, simama. Kozi hii sio ya kunakili notsi.

 Utaona pia wanategemea hoja ije mapema, aya ya kwanza kabisa, msomaji ajue unasimamia nini. Sisi tumezoea utangulizi mrefu unaoanza na maana ya mada kabla ya kufika penyewe. Ni utaratibu tofauti tu, ila ndo unaopimwa kwenye kozi, kwa hiyo ufundishe ulivyo.

7. Insha ya kwanza ikiwa ya kusimulia maisha yao, jiandae. Programu nyingi zinaanza na masimulizi ya mwanafunzi mwenyewe, alivyojifunza kusoma, tukio lililombadilisha. Na vijana wanaandika kweli, wanaandika mpaka mambo mazito, kubakwa, kupigwa, kutaka kujiua. Kwenye vyuo vingi wewe kama mwalimu unawajibika kutoa taarifa ya ukatili wa kingono kwa ofisi ya Title IX (sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu), hata kama mwanafunzi kakuomba usiseme. Sasa utu unataka umwambie mwanafunzi kabla hajaandika, sio baada. Weka kwenye maelezo ya kazi: ukiandika jambo la aina hii mimi nitalazimika kuijulisha ofisi fulani, na huyu hapa ni mtu unayeweza kuongea naye kwa siri, yaani huduma ya ushauri ya chuo, na namba zao uziweke. Ukipokea insha ya hivyo, usianze na koma. Andika kwanza kwamba umesoma, umeguswa, na unamtakia usalama, alafu mwite muongee, alafu mpigie mkurugenzi wako siku hiyohiyo. Kama anazungumzia kujiua usisubiri kesho.

8. Rasimu kwanza, na wasomeane. Kila insha iwe na rasimu. Rasimu hiyo wanafunzi wasomeane wawili au watatu, kwa maswali uliyoyaandaa wewe, mfano: pigia mstari sentensi unayodhani ni hoja kuu, weka alama pale ulipopotea, andika swali moja ambalo mwandishi hajalijibu. Ukiwaambia tu msomeane, wataandikiana kazi nzuri na kuchekeana mpaka kipindi kiishe. Wewe rasimu unaipitia kwa haraka, unatoa neno moja kubwa, hutoi alama.

9. Kusahihisha. Hapa tukae kidogo maana ndo penyewe.

 Fanya hesabu. Madarasa mawili ya watu 20 ni insha 40. Ukitumia dakika 20 kila insha ni dakika 800, saa 13 na dakika 20. Ukitumia dakika 45, ambayo ndo karibu kila mgeni anatumia, ni saa 30, kwa kazi moja tu, na semista ina kazi nne. Hizo saa 30 unazitoa kwenye usingizi wako na kwenye digrii yako.

 Kwa hiyo weka saa kwenye simu, dakika 20. Soma kwanza insha tano bila kuandika chochote wala kutoa alama ili ujue darasa liko wapi. Alafu rudi uanze. Kila insha andika pembeni vitu vitatu mpaka vinne, visizidi. Kwenye sarufi chagua aya moja, onyesha kosa linalojirudia, mwambie mengine atafute mwenyewe. Mwisho andika aya fupi yenye mambo matatu: insha yako inasema hivi (ajue umeisoma), hiki kimefanya kazi na kwanini, na hiki kimoja ndo cha kushughulikia kwenye kazi ijayo. Kimoja. Mwanafunzi akipewa makosa 14 harekebishi hata moja, akipewa moja analishika.

 Maelezo unayojikuta unayarudia kila insha (namna ya kuingiza nukuu, tofauti ya kusimulia hadithi na kuichambua) yaweke kwenye faili moja uwe unayachukua, ila sentensi ya kwanza na ya mwisho ziandike upya kwa kila mtu, wanajua wakipewa maneno ya jumla.

 Usisahihishe ukiwa na hasira, usisahihishe usiku wa manane, na usisahihishe zaidi ya kumi mfululizo, ya kumi na moja inapata alama za uchovu wako. Ukimaliza zote rudi kwenye zile tano za kwanza ukague kama bado unakubaliana nazo. Na rudisha ndani ya wiki mbili, ikizidi hapo mwanafunzi keshasahau alichoandika na jasho lako lote limepotea.

10. Futa vipindi vya wiki moja, uonane nao mmoja mmoja. Dakika 15 kila mtu, katikati ya semista, uliza idara kama inaruhusiwa, nyingi zinapenda. Mwanafunzi aje na rasimu na swali lake. We sikiliza kwanza. Yule anayekaa nyuma hajawahi kufungua mdomo ndo utamfahamu hapo. Dakika 15 za kuongea zinaokoa aya nne za maandishi ambazo asingezisoma.

11. AI na kukopi: weka msimamo kwa maandishi wiki ya kwanza. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022 hili ndo swali namba moja. Usitegemee vigunduzi. OpenAI wenyewe walikiondoa cha kwao mwaka 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha, na utafiti wa watu wa Stanford mwaka huohuo ulikuta vigunduzi walivyovipima vinashuku zaidi ya nusu ya insha za TOEFL zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza sio lugha yao ya kwanza. Yaani watakaoonewa ni wale wanaofanana na wewe. Kinachosaidia ni ule mwenendo wa hatua ya 6 na ya 8: kama umeona notsi zake, rasimu yake, na ameandika mbele yako darasani, unaijua sauti yake. Ukiwa na wasiwasi mwite, mwombe akueleze alivyofika kwenye hoja hiyo. Usimtuhumu kwa imeili. Na usitoe adhabu peke yako, kila chuo kina utaratibu na ofisi yake, upitie huo.

12. Linda siri zao. Sheria ya FERPA ya 1974 inasema rekodi za mwanafunzi wa chuo ni zake. Usibandike alama ukutani kama tulivyozoea kwetu, hata kwa namba za usajili. Usirudishe insha kwa kuziacha rundo mlangoni. Mwanafunzi akileta barua ya ofisi ya wenye ulemavu inayosema aongezewe muda, mwongezee, na usiulize anaumwa nini.

13. Tunza ushahidi wa kazi yako tangu semista ya kwanza. Folda moja: silabasi, maelezo ya kazi, insha chache za wanafunzi kwa ruhusa yao na bila majina, tathmini za wanafunzi, na barua ya profesa aliyekuja kukuona ukifundisha. Huyo profesa mwombe wewe, wiki ya 8 hivi, usisubiri akukumbuke. Ukimaliza PhD utaombwa hivyo vitu ndani ya siku chache. Na nisikufiche, soko la ajira la walimu wa fasihi kule ni gumu, zaidi ya theluthi mbili ya wanaofundisha vyuoni hawako kwenye ajira ya kudumu wala kwenye njia ya kuelekea huko, wengi wanalipwa kwa kozi wakizunguka vyuo viwili vitatu. Ruhusa ya kazi ya OPT baada ya digrii ni miezi 12, na nyongeza ya miezi 24 ni ya fani za sayansi na teknolojia, fasihi haimo. Panga mapema kama unabaki au unarudi. Folda hiyo itakufaa popote, hata ukiomba kazi chuo cha nyumbani.

Ukikwama

*Darasa kimya, nauliza swali wananitazama.* Waandike kwanza dakika tatu, wasome kwa jirani, ndo uulize. Sio kwamba wanakudharau, wanaogopa kukosea mbele ya wenzao, kama sisi tulivyokuwa.

*Mwanafunzi anasema haelewi ninavyoongea.* Muulize ni neno gani au wakati gani, mara nyingi ni maneno mawili matatu au ni kasi. Andika ubaoni. Kama malalamiko yanaendelea mwambie mkurugenzi wako mapema akusikie wewe kwanza.

*Anakataa alama.* Usibishane koridoni. Mwambie asubiri siku moja, asome maoni yako, aandike aya moja akionyesha kwa kutumia jedwali la alama ni wapi hakutendewa haki, alafu mkutane saa za ofisi. Nusu hawarudi. Wanaorudi na hoja ya kweli wasikilize, na kama jedwali linakubaliana nao ongeza bila kinyongo. Mkishindwana kuna utaratibu wa rufaa wa idara, mwelekeze huko.

*Mzazi kapiga simu au kaandika imeili anataka kujua maendeleo ya mwanae.* Kwetu mzazi ana sauti, najua inauma kumkatalia mtu mzima. Mjibu kwa heshima kwamba sheria haikuruhusu kuzungumzia, mpe mawasiliano ya ofisi ya msajili. Hata kusema kama mwanae anahudhuria, usiseme.

*Mwanafunzi kapotea wiki mbili.* Usingoje arudi. Mwandikie mistari miwili ya upole, alafu toa taarifa kwenye mfumo wa chuo wa kufuatilia wanafunzi kama upo, kama haupo mpigie mshauri wake wa masomo. Wengine wanaumwa, wengine wameshaacha chuo, wengine wanafanya kazi usiku.

*Nimezidiwa, nina insha 40 na pepa yangu ya kurasa 25 wiki hiihii.* Ongea na mkurugenzi kabla hujaharibu, sio baada. Unaweza kubadilisha kipindi kimoja kiwe cha kuonana nao, unaweza kuwaomba kila mmoja aandike juu ya insha yake swali moja analotaka ulijibu, nawe ujibu hilo tu na jedwali la alama. Ni njia halali na wanafunzi wanaipenda. Pia wapeleke kwenye kituo cha uandishi cha chuo, ni bure na kipo kwa kazi hiyohiyo.

*Tathmini za wanafunzi zimenivunja moyo.* Kwanza usizisubiri za mwisho. Wiki ya 6 wape karatasi bila majina: nini kinakusaidia, nini kibadilike. Badilisha kimoja uwaambie umebadilisha. Za mwisho zikija, zisome na mtu mzoefu, tafuta kinachojirudia kwa watu wengi, la mtu mmoja kuhusu lafudhi yako liache hapo.

*Wamenibadilishia, sasa nafundisha Kiswahili badala ya uandishi.* Inatokea kwenye vyuo vyenye programu za lugha za Afrika. Kubali tu kama una nafasi ya kurudi uandishi baadaye, na uombe liandikwe, maana ukija kuomba kazi idara za Kiingereza watataka kuona umefundisha uandishi. Hatua 2, 3, 9 na 12 zinakuhusu vilevile.

*Semista imeisha na kuna mtu hajaleta kazi ya mwisho.* Mfumo wa alama unafungwa siku chache tu baada ya mitihani, angalia saa kamili, sio tarehe tu. Kama ana sababu ya kweli vyuo vingi vina alama ya kutokamilika, mnasaini fomu yenye kazi iliyobaki na tarehe ya mwisho. Usiahidi kwa mdomo. Ijaze kabla hujapanda ndege ya likizo, na nakala ya fomu mtumie mkurugenzi, maana mwezi wa kwanza huyo mwanafunzi anaweza kukutafuta wakati wewe umeshapangiwa darasa jingine.